Wodi Isiyoelewana: Pa Kuanzia Kabla ya Kuitisha Kikao Kingine

"Wauguzi wa wodi hii hawana ushirikiano." Kauli hiyo ikishatolewa kwenye kikao cha asubuhi, tiba yake huwa ileile: kikao kingine, mawaidha ya maadili, pengine na barua ya onyo. Wiki mbili haziishi mambo yamerudi palepale. Ugomvi mwingi wa wodini unatengenezwa na mazingira ya kazi: rosta isiyo na muda wa kukabidhiana, simu isiyo na salio, funguo iliyoondoka mfukoni mwa mtu, glukomita (kipima sukari) moja inayogombewa na wodi tatu. Watu wakifanya kazi humo miezi sita, hata waliokuwa marafiki chuoni wataacha kusalimiana.

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya muuguzi mfawidhi wa wodi katika hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania: wagonjwa 30 hivi, wauguzi wawili au watatu kwa zamu, daktari mmoja wa wodi, na intani (madaktari walio kwenye mafunzo ya kazi) wanaokuja na kuondoka. Wa kituo cha afya atapunguza idadi, kazi ni ileile.

Hesabu kwanza, siku saba

Nunua kaunta buku moja. Chora safu nne: saa, nimemtafuta nani au nini, nimesubiri dakika ngapi, nimefanyaje. Liweke kwenye meza ya wauguzi na kalamu uifunge kwa uzi, la sivyo jioni utakuta daftari lipo na kalamu haipo. Aandike kila anayefanya kazi pale, kuanzia muuguzi, intani na mhudumu wa afya hadi mtu wa maabara anayefuata sampuli. Mstari mmoja unatosha: "Saa 9:10 usiku. Kanula ya kijani, G18. Dakika 25. Nimeazima wodi ya upasuaji."

Kuna masharti mawili. La kwanza, jina la mtu lisiandikwe kamwe. Andika "daktari wa zamu", "maabara", "famasi". Jina moja likiingia, daftari limegeuka hati ya mashtaka na hakuna atakayeligusa tena. La pili, simamia usiku. Zamu ya usiku ndiyo inayosubiri zaidi na ndiyo inayoandika kidogo, kwa hiyo mpe mtu mmoja wa kila usiku jukumu hilo na umuulize asubuhi kabla hajaondoka.

Siku ya nane, wekea kila mstari herufi: K kwa kifaa, W kwa upungufu wa watu, T kwa taarifa iliyokosekana, R kwa ruhusa, yaani kusubiri sahihi, uamuzi au funguo ya mtu. Kisha jumlisha dakika. Usijumlishe mistari, kwa sababu mistari ishirini ya gozi ya dakika mbili mbili inaweza kuficha R mbili za dakika 90 kila moja. Kila mtu anategemea K iongoze. Linganisha mwenyewe, kisha anza na T na R, kwani hizo mbili mara nyingi zinarekebishika bila shilingi ya mtu.

Kukabidhiana zamu

Tazama rosta yako. Kama zamu ya asubuhi inaisha saa 8:30 mchana na ya jioni inaanza saa 8:30 mchana, hapo ndipo tatizo lilipo. Anayeingia bado yuko kwenye daladala. Anayetoka ameshabadili nguo na mtoto anamsubiri shuleni. Ripoti inatolewa mlangoni: "Wote wanaendelea vizuri, ila kitanda cha 12 mchungulie." Kesho yake daktari anaulizia majibu ya damu ya kitanda cha 12, na hakuna anayejua hata kama sampuli ilipelekwa. Neno "uzembe" huzaliwa hapo, na anayeitwa mzembe ni yule aliyekuwepo asubuhi hiyo, ambaye hakuambiwa chochote.

Weka nusu saa ya kupishana. Mfano unaofanya kazi: asubuhi saa 1:30 hadi 8:30 mchana, jioni saa 8:00 mchana hadi 2:00 usiku, usiku saa 1:30 usiku hadi 2:00 asubuhi. Nusu saa inatosha ukiigawa vizuri. Wagonjwa 25 walio imara, sekunde 30 kila mmoja, ni dakika 12 na nusu. Mahututi watano, dakika tatu kila mmoja, ni dakika 15. Zinabaki dakika mbili na nusu za funguo. Mahututi wakizidi watano, walio imara wasitajwe mmoja mmoja; taja tu yule aliyebadilika.

Anzia kwa mgonjwa mzito kuliko wote, usianzie kitanda namba moja. Ndugu wa mgonjwa ataingilia, simu italia, mtu atapelekwa upasuaji haraka. Ripoti ikikatika katikati, wasiosemwa wawe wale wasio na hatari. Kwa kila mahututi yasemwe mambo matano, mkiwa mmesimama kando ya kitanda chake: kilichomleta, kilichobadilika zamu hii, kinachosubiriwa na nani anakifuatilia, dripu na dawa zimefikia wapi ("ya pili imetundikwa saa 7, iishe saa 11"), na dalili gani ikitokea daktari aitwe. Jambo la tatu ndilo linalodondoka mara nyingi. "Majibu yanasubiriwa" haisaidii kitu. Sema: "Sampuli ya damu imepelekwa saa 6:20, imesainiwa maabara, wewe ufuate saa 9."

Hali ya VVU, mimba iliyoharibika na mambo ya aina hiyo yasisemwe kitandani. Vitanda vimebanana, na jirani ana masikio. Yamalizeni mezani, mlango umefungwa, kabla ya kuanza kuzunguka.

Funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa, kama mofini, pethidini na diazepamu, zitoke mkono mmoja ziingie mkono mwingine baada ya wawili kuhesabu ampuli na kusaini. Zamu ambayo funguo imeondoka na mtu hadi mtaani inaweza kumnyima mgonjwa dawa ya maumivu kwa saa nne, na lawama itaenda kwa muuguzi aliyepo.

Gawa vitanda, usigawe kazi

Wodi nyingi zimezoea kugawana kwa kazi: huyu sindano, yule vidonda, mwingine presha na joto. Mgawanyo huo unaonekana wa haraka, na siku ambayo trolii ni moja unaeleweka. Gharama yake ni kwamba hakuna muuguzi hata mmoja anayemjua mgonjwa mzima. Daktari akiuliza "huyu amekojoa kiasi gani tangu jana?", wote wanatazamana, naye anahitimisha kuwa kumuuliza muuguzi ni kupoteza muda. Baada ya mwezi haulizi tena, anasoma faili peke yake na kuondoka.

Mkiwa wawili, mmoja ashike kitanda cha 1 hadi 15, mwenzake 16 hadi 30. Mahututi mwagawane kwa uzito wao, si kwa namba za vitanda. Majina yaandikwe kwenye ubao mlangoni ili hata mtu wa maabara ajue wa kumwona. Trolii ikiwa moja, upande wa kwanza uitumie saa 3 hadi 4, wa pili saa 4 hadi 5. Utakayemwona analalamika zaidi wiki ya kwanza ni yule aliyekuwa bingwa wa kutafuta mishipa, anajiona ameshushwa. Mwambie wazi kuwa mshipa ukishindikana upande wowote ataitwa yeye, na iwe hivyo kweli.

Kuhusu rosta yenyewe: maombi ya mapumziko yaandikwe kufikia tarehe 20, rosta ibandikwe kufikia tarehe 25, na wauguzi wageni wawili wasipangwe pamoja usiku. Rosta inayobandikwa jioni kwa ajili ya kesho inawafanya watu wabadilishane zamu kimyakimya, na asubuhi hakuna anayejua nani anakuja.

Raundi

Kama dawa za asubuhi zinatolewa saa 3 na raundi inaanza saa 3, daktari atazunguka peke yake. Hamjagombana, mmepangiwa saa ileile. Keti na daktari wa wodi mkubaliane saa, na saa hiyo iandikwe ukutani.

Kwenye kitanda, muuguzi mwenye mgonjwa ndiye aanze, kwa sentensi tatu: usiku ulikuwaje, vipimo vya mwili vikoje, na ninaomba tuangalie nini. Daktari akishatoa maagizo, muuguzi ayarudie kwa sauti. Kabla ya kusogea kitanda kingine liulizwe swali moja: "Katika haya, lipo lisilowezekana leo?" Swali hilo linaokoa mengi. Daktari ameandika seftriaksoni, famasi haina tangu juzi, ndugu wanapewa karatasi wakanunue, wanarudi jioni mikono mitupu, na asubuhi muuguzi anaulizwa kwa nini dozi hazikutolewa. Famasi ikileta orodha ya dawa zilizokwisha kila siku kabla ya raundi, karatasi moja tu, daktari ataandika kilichopo. Bandika orodha hiyo kwenye trolii ya mafaili. Ikibandikwa ofisini haitasomwa.

Simu ya usiku

Hapa ndipo mazingira yanapomfunga muuguzi mdomo kuliko mahali pengine. Anatumia salio lake. Mara ya mwisho alipopiga alifokewa. Hajui kama hali hii "inatosha" kumwamsha mtu. Basi anasubiri kupambazuke.

Mwondolee mzigo wa kuamua. Mfawidhi na madaktari watie saini orodha fupi ya hali ambazo simu ni lazima, anayepiga hana kosa na anayepigiwa hana haki ya kuuliza kwa nini. Kwa mtu mzima inaweza kuwa hivi: namba ya juu ya presha chini ya 90, kupumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, oksijeni chini ya asilimia 90, fahamu kupungua ghafla, degedege, mkojo chini ya ml 30 kwa saa. Wodi ya wazazi waongeze damu ml 500 au zaidi baada ya kujifungua kawaida, na mapigo ya mtoto tumboni chini ya 110 au kuanzia 160. Orodha isizidi mistari kumi; ikijaa ukurasa itasomwa siku ya ukaguzi tu.

Pembeni yake ziwekwe namba tatu kwa mpangilio: daktari wa zamu, daktari wa pili, Mganga Mfawidhi. Dakika 5 bila jibu, unahamia namba inayofuata. Simu iwe ya wodi, na kifurushi chake kiingizwe kwenye matumizi ya hospitali. Chaja ifungwe ukutani.

Namna ya kuongea ina mpangilio wake: hali, historia, tathmini, ombi. Mpangilio huu ulitumika kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani kabla haujaingia hospitalini, na nguvu yake ni kwamba mdogo anamwambia mkubwa jambo zito bila kuzunguka. Unasikika hivi:

"Dokta, muuguzi wa zamu, wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha 4 anatoka damu, makadirio ml 700. Presha 85 kwa 50, mapigo 124. Amejifungua kawaida dakika 40 zilizopita, uzao wa tano, kondo limetoka lote, amepata oksitosini yuniti 10 msulini. Naona mfuko wa uzazi umelegea. Kanula mbili ziko tayari, dripu inakwenda, tunakanda mfuko. Naomba uje sasa hivi, na maabara waandae damu yuniti mbili."

Ni nusu dakika. Linaloangushwa sana ni ombi, kwa kuwa wengi wetu tumefundishwa kutoa taarifa na siyo kudai kitu. Bila ombi, daktari mwenye usingizi anasikia habari tu na kujibu "endelea kumwangalia". Mwisho wa simu, muuguzi arudie alichoambiwa na aandike saa kwenye faili.

Neno moja kuhusu salamu. Intani wa miaka 26 anaona taabu kumwagiza sista wa umri wa mama yake, na sista naye anaona utovu wa adabu kupigiwa kelele bila hata shikamoo. Wote wana haki. Mfawidhi achukue dakika 20 siku ya kwanza ya kila intani: amwonyeshe vitu vilipo, amwambie wakubwa wa pale wanaitwaje, na wakubaliane mbele ya wote kwamba kwenye simu ya dharura salamu inaachwa. Asubuhi shikamoo itolewe kama kawaida.

Trei isiyofungwa ni ugomvi unaosubiri

Katika dharura watu hupigiana kelele wanapotafuta vitu. Chukua degedege la kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti ni gramu 14: nne za mshipa na kumi za msuli, tano kila tako. Kwa ampuli za asilimia 50 zenye gramu 5 ndani ya ml 10, gramu nne ni ml 8, unaongeza maji ya sindano ml 12 upate ml 20 za asilimia 20, na unazisukuma polepole. Kila tako linapata ml 10 pamoja na ml 1 ya lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2. Hesabu hiyo, saa 9 usiku, mgonjwa akitikisika, mtu asiifanye kichwani.

Basi ifanyeni mchana. Kwenye boksi moja weka ampuli tatu, sindano tatu za ml 20, maji ya sindano, lignokaini, kanula mbili, katheta na mfuko wake, nyundo ndogo ya kupimia refleksi, na kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, ml 10, kama kiuasumu endapo magnesiamu itazidi mwilini. Ndani ya mfuniko bandika hesabu ile, na masharti ya dozi inayofuata: refleksi ya goti ipo, anapumua angalau mara 16 kwa dakika, mkojo angalau ml 30 kwa saa. Ampuli zenu zikiwa za ujazo mwingine, hesabu iandikwe upya na famasi isaini. Funga boksi kwa uzi wa karatasi. Uzi ukikatika, kila mtu anajua limetumika na linadaiwa kujazwa kabla zamu haijaisha. Boksi likifunguliwa kazi ni tatu: mmoja anavuta dawa, mmoja yuko na mgonjwa, mmoja anaandika saa. Dharura ikikosa mwandishi, kesho kutakuwa na matoleo matatu ya kilichotokea.

Mahali ambapo 5S, ule utaratibu wa kupanga mahali pa kazi, ilishaanza mtakuwa na maneno yake tayari: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Linaloshinda wengi ni shikilia. Boksi lililopangwa Jumatatu bila jina la mkaguzi wa wiki litakuwa tupu Ijumaa.

Kusahihishana bila kuvunjiana heshima

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilijaribiwa kwenye hospitali nane kati ya 2007 na 2008, na mojawapo ilikuwa Ifakara. Vifo vya wagonjwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Kipengele kimoja kinachodharauliwa ni kila mtu kutaja jina na kazi yake kabla ya kisu. Mtu aliyekwisha kufungua mdomo mara moja chumbani humo hapati taabu kuufungua tena akiona hesabu ya vitambaa imepungua kimoja. Orodha hiyo huharibika kwa njia moja ya kawaida: inajazwa mezani baada ya operesheni, tiki zote kwa mpigo. Ukikuta tiki zimenyooka kama zimepigwa na rula, ujue haikusomwa.

Wodini tumieni ngazi tatu za maneno. Ya kwanza: "Dokta, naomba tuhakiki dozi hii pamoja." Isiposikilizwa, ya pili: "Nina wasiwasi na usalama wa mgonjwa, kitabu cha dozi kinasema vingine." Bado, ya tatu: "Naomba tusimame hapa hadi tumpigie daktari wa pili." Wote wakubaliane mapema kuwa akisikia ya tatu, mtu yeyote anasimama. Lawama zihamishiwe ofisini mlango ukiwa umefungwa, siku hiyohiyo. Muuguzi aliyefokewa mbele ya ndugu wa wagonjwa hatakuja na ya kwanza kesho, na ndugu wale nao hawatamsikiliza tena.

Yaliyo juu ya uwezo wa wodi

Ikama (idadi ya watumishi) isiyotosha, posho za zamu, nyumba zilizo mbali na hospitali: hayo hayatatuliwi kwa kaunta buku. Lakini kaunta buku ndilo linaloandika barua nzuri. Andika ukurasa mmoja kwa Mganga Mfawidhi kupitia kwa matroni au patroni (mkuu wa wauguzi), ombi liwe moja tu, na tatizo liwe kwa dakika. Mfano: "Katika usiku 7, muuguzi ametoka wodini mara 11 kufuata damu maabara, wastani wa dakika 18, wodi imekaa pungufu kwa jumla ya saa 3 na dakika 18. Tunaomba mhudumu mmoja wa usiku atakayetumika wodi tatu." Taja pia mlichokwisha kurekebisha wenyewe, maana swali la kwanza litakuwa hilo. Ambatisha nakala za kurasa husika, zisizo na jina la mtu, pitisha masjala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala moja ibaki kwenye droo ya wodi.